Doudou Ajue Rangi Ngapi?

Dada Tsao alikuja kununua chapati za mayai tu, lakini alipoondoka alikuwa ameacha vita nyumbani kwa watu.

Mwanawe alikuwa na usonji, na mambo ya kamati ya elimu maalumu, ile inayoamua mtoto asome wapi, mama huyu aliyajua kama anavyolijua jiko lake. Asubuhi hiyo mvua ya mji wa bandari wa Keelung ilikuwa ikipiga turubai la duka, kama ilivyo desturi yake, na Dada Tsao akaliinamia kaango la Yi-chun, mwenye duka, na kunong'ona. Mnong'ono wake ulisikika hadi kwa fundi pikipiki ng'ambo ya barabara.

"Mwanao anapimwa lini?"

"Jumatano ijayo. Mwalimu Pan atakuja nyumbani."

"Rangi anazijua?"

Yi-chun akatabasamu. Doudou alikuwa na miaka sita. Alizaliwa na hali ya Down, akachelewa kutembea, akachelewa kusema, lakini rangi zilikuwa ulevi wake. "Anazijua zote, dada. Hata zambarau."

Dada Tsao akajishika kifua kama aliyeletewa habari za msiba. "Zambarau! Wewe Yi-chun, una wazimu? Mtoto akijua zambarau kamati itasema hajambo huyu, aingie darasa la kawaida, na msaidizi hapewi. Darasa zima la watoto, mwalimu mmoja. Akienda chooni akapotea, nani atamfuata?"

"Basi nitamwambia asijue."

"Asipojua ndiyo umemaliza kabisa! Darasa maalumu la shule yetu ya kilimani limejaa, na kila kiti kina foleni yake. Watampeleka shule maalumu kule ng'ambo ya bandari. Saa nzima ndani ya basi kwenda, saa nzima kurudi. Wangu alikwenda hivyo mwaka mzima, akitapika kila kona. Dereva jina lake hakulijua, alimwita Ndoo."

Yi-chun akasahau chapati kaangoni mpaka ikaanza kutoa moshi. "Sasa ajue nini, dada yangu?"

Dada Tsao akatazama kushoto, akatazama kulia. "Rangi tatu. Nyekundu, manjano, kijani. Akijua tatu wataona anafundishika, lakini anahitaji mtu wa kumshika mkono. Ila bluu," akainua kidole chenye mafuta, "bluu asiijue hata kwa dawa."

*

Jioni Yi-chun aliliweka jambo hilo mezani pamoja na supu ya samaki. Mumewe Wen-tsai, aliyekuwa akisambaza mitungi ya gesi kwa pikipiki, alisikiliza huku akitoa miba. Mama mkwe hakungoja mpaka mwisho.

"Ati mjukuu wangu afundishwe ujinga?" Bibi akaweka vijiti chini. "Ukoo wa Pai haujawahi kuzaa mjinga."

"Mama," Wen-tsai akasema kwa upole, "mimi hesabu nilikuwa napata sifuri."

"Ulikuwa na homa."

"Miaka sita?"

"Homa nyingine zinakaa!" Bibi akamgeukia mkwewe. "Mtoto akionekana ana akili, shule itamgombania. Akili ni nywele, na huyu mwenzenu anazo, hamzioni tu kwa sababu mnamtazama kwa huruma. Doudou, mwanangu, kikombe hiki rangi gani?"

"Bluu!" akapiga kelele Doudou, akakiinua kikombe juu na kujimwagia chai.

Tangu usiku ule nyumba ikawa na shule mbili. Shule ya mama ilifunguliwa sebuleni baada ya duka kufungwa. Yi-chun aliinua kadi. Doudou alipotaja nyekundu, manjano au kijani alipigiwa makofi. Kisha ikaja kadi ya nne.

"Hii ni nini?"

"Bluu!"

"Hapana, mwanangu. Hii huijui. Ukiulizwa unasema sijui. Haya, hii ni nini?"

Doudou akafikiri mpaka ulimi ukatoka nje kidogo. "Sijui bluu."

"Tumekaribia," akasema Wen-tsai kutoka kwenye kochi.

Kila alipofanikiwa kutojua, Doudou alipewa kipande cha keki ya nanasi. Shule ya bibi nayo ilikuwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa, redio imewashwa kwa nguvu ili kuzuia ujasusi. Kule, kila alipojua alipewa keki hiyohiyo. Wiki ile Doudou alinenepa mashavu, akaamua kwamba kusoma ni jambo tamu kuliko alivyoambiwa.

Yi-chun peke yake ndiye hakufurahi. Usiku, akiosha kaango, aliwaza jinsi alivyohangaika na mtoto huyu mpaka aseme neno lake la kwanza, akirudia "maji, maji, maji" miezi kwa miezi kama mwehu mbele ya bomba. Leo anamlipa keki ili alimeze neno alilonalo. Akasugua kaango mpaka mkono ukauma.

Siku moja kabla ya kupimwa, Bibi alipanda hekaluni kuuliza kwa mungu wa kike wa bahari. Alipiga magoti, akaeleza kesi yote, akimtaja mkwewe kwa jina ili kusiwe na utata, kisha akarusha chini vipande viwili vya mbao vya kuombea jibu. Vyote viwili vikalala chali. Jibu hilo maana yake mungu anacheka. Akarudia. Mungu akacheka. Akarudia tena, na hata mzee wa kufagia hekalu naye akaanza kucheka.

"Amesemaje?" Wen-tsai alimuuliza aliporudi.

"Amefurahi," Bibi akajibu kwa ufupi.

*

Mwalimu Pan alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na begi la magurudumu. Alivua viatu mlangoni, akakaa sakafuni na Doudou, akaomba watu wazima wakae kimya. Alianza na maswali kwa wazazi.

"Anavaa viatu mwenyewe?"

"Ndiyo," Wen-tsai akajibu haraka, akitokwa na jasho. "Ila vya kamba huwa vinanisumbua."

"Nauliza mtoto, baba yake."

"Aa. Yeye hana shida."

Bibi aliombwa asubiri jikoni. Alikwenda bila ubishi, jambo lililomtia Yi-chun wasiwasi mkubwa, kwa kuwa jikoni na sebule zilitenganishwa na pazia la shanga tu. Mwalimu Pan akatoa picha ya kwanza.

"Doudou, hili ni tunda gani?"

Doudou akalitazama kwa mapenzi. Kabla hajafungua mdomo, sauti nzito ikasikika: "Ndizi!"

Mwalimu Pan akainua macho. "Nani amejibu?"

"Televisheni," akasema Wen-tsai.

Wote wanne wakaigeukia televisheni. Ilikuwa imezimwa, na juu yake paka alikuwa amelala.

Kazi ikaendelea. Doudou alipanga vitofali, akapanga tena kwa namna aliyoiona yeye ni nzuri zaidi, akamkumbatia Mwalimu Pan, akamvua miwani na kumvalisha paka. Halafu zikatoka kadi za rangi.

"Hii?"

"Nyekundu."

"Hii?"

"Manjano."

"Na hii?"

"Kijani!" Doudou akajipigia makofi mwenyewe.

Kadi ya bluu ikawekwa sakafuni. Doudou akaitazama, akamtazama mama yake, akaitazama tena. Kisha akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Hii ni rangi gani, Doudou?"

Sauti ikapenya kwenye vidole. "Bluu sijui. Mama kasema bluu sijui." Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa haki asiyependa kumwacha mtu nje, akaongeza, "Bibi kasema najua."

"Safi kabisa, mwanangu!" pazia likapiga kelele.

Yi-chun akatamani sakafu ipasuke immeze pamoja na zulia. Wen-tsai akawa anakagua dari kama anayetafuta mahali panapovuja. Mwalimu Pan aliichukua miwani kwa paka, akaifuta taratibu, mabega yakimtikisika, asijulikane anacheka au anakohoa.

"Na zambarau, Doudou?" akauliza alipotulia. "Zambarau je?"

Doudou akamsogelea, akamwekea mdomo sikioni.

"Siri," akasema, kwa sauti iliyofika barabarani.

*

Kikao cha kamati kilifanyika katika ofisi za mji. Yi-chun alifunga duka mapema, akavaa koti lake la harusi za watu, lakini harufu ya mafuta haikubali koti. Mkononi alishika mfuko wa keki za figili, kwa kuwa wangempitia Doudou kwa Dada Tsao baadaye, na mtoto huyo hakupenda kufuatwa kwa mikono mitupu.

Mlangoni karani kijana alimtazama kiatu mpaka nywele. "Vitafunio? Umechelewa, mama. Lete." Akauchukua mfuko na kuingia nao.

"Si wa..." Yi-chun akaanza.

"Acha," Wen-tsai akamnong'oneza. "Labda wakishiba watakuwa na huruma."

Walipoitwa ndani, walikuta kamati imeuzunguka mfuko. Mwenyekiti, mzee mwenye tai ya kahawia, alikuwa akimalizia kipande. Mwalimu mkuu Yan wa shule ya kilimani alikuwa na vipande viwili mbele yake, na ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza kusema.

"Shule yetu inawapenda watoto wote," akasema, akitafuna. "Tunafikiria faida ya mtoto mwenyewe tu. Jengo letu la zamani, ngazi nyingi, lifti hakuna. Kwa mtoto wa aina hii..." akameza, "hizi keki nzuri sana, nani kaleta? Kwa mtoto wa aina hii, kule ng'ambo kuna wataalamu, kuna vifaa. Sisi hatuna."

"Sisi tunakaa ghorofa ya nne," Wen-tsai akasema. "Lifti hakuna. Anapanda kila siku, kambeba paka."

"Sawa, ndugu, lakini lazima tuwafikirie na wazazi wengine."

Wen-tsai akashangaa. "Kwani nao wanashindwa ngazi?"

Mwanamke mmoja mwisho wa meza, mwakilishi wa wazazi, akainamia kikombe chake. Mwenyekiti akamwomba Mwalimu Pan asome taarifa. Mwalimu Pan akasoma bila kupamba na bila kuficha: mtoto anatambua rangi, anaelewa maagizo, anashirikiana na watu, anahitaji uangalizi maana hutoka na kwenda anakotaka. Kisha akamtazama Yi-chun kama anayeomba radhi. "Ilionekana familia ilimwelekeza mtoto asiitaje rangi moja."

Meza nzima ikamgeukia Yi-chun.

"Ni kweli hayo, mama?" akauliza mwenyekiti. "Ulimwambia mtoto aidanganye kamati?"

Uso ukamwaka moto. Alikuwa ameandaa maneno mazuri, yenye shukrani na samahani, ameyakariri tangu jana mbele ya kaango. Sasa hakuliona hata moja.

"Ni kweli," akasema. "Wiki nzima nimemfundisha mwanangu ujinga. Akisema anajua, namnyima keki. Akisema hajui, nampa. Mama gani anafanya hivyo? Huyu mtoto nimemsubiri aseme 'maji' mpaka majirani wakanihurumia. Lakini akijua, ninyi mnamnyima mtu wa kumshika mkono. Asipojua, mnamvusha bandari. Basi mwenyekiti, niambieni leo hapa, wote mpo. Mnataka ajue rangi ngapi? Semeni tu. Nikifika nyumbani nitamfundisha hizohizo, isizidi moja, isipungue moja."

Hakuna aliyetafuna. Mwenyekiti alifungua faili lake, akalifunga, akalifungua tena upande wa pili.

"Kanuni," akasema mwishowe, "hazitaji idadi ya rangi."

"Najua hazitaji."

Mwakilishi wa wazazi akapasuka. Kwanza ilikuwa kama chafya, kisha akacheka wazi, akicheka na kufuta machozi. "Mnisamehe," akasema. "Wangu niliambiwa nimfundishe kuhesabu mpaka saba. Nane, wakasema, itamponza."

Kicheko hicho kililegeza kitu mle ndani, ingawa hakikuleta muujiza. Walitolewa nje, wakasubiri, wakaitwa tena. Doudou atapokewa shule ya kilimani, darasa la kawaida. Msaidizi atapata, lakini wa saa chache tu kwa wiki. Mwalimu mkuu Yan akaongeza sharti lake kwa tabasamu la mtu anayefunga dirisha: saa zilizobaki, kwa muda, mtu wa nyumbani aje akae darasani na mtoto.

"Nani atakuja?" akauliza.

Asubuhi ndipo Yi-chun anapopata riziki yake, na hapo ndipo nusu ya mji inapoishiwa gesi. Mume na mke wakatazamana. Wote wawili waliliona jibu kwa wakati mmoja, na wote wawili likawatisha.

*

Shule ilipofunguliwa, Bibi alitangulia getini amevaa koti la sherehe, mkoba begani, nywele ametoka kuzitia mawimbi saluni. Doudou alimfuata na sare mpya iliyomzidi mikono. Yi-chun aliwatazama wakipotea juu ya kilima, akarudi dukani, na tangu siku hiyo kila simu ilipolia aliunguza chapati.

Iliita wiki ya pili, duka likiwa limejaa wateja.

"Mama yake Doudou?" Ilikuwa sauti ya Mwalimu Shih, mwalimu wa darasa, binti mdogo aliyeanza kazi mwaka huohuo. "Samahani, tunaomba uje. Sasa hivi, kama inawezekana."

Yi-chun hakuuliza lolote. Alimkabidhi fundi pikipiki kaango, akapanda kilima mbio na aproni yake kwenye mvua, mwiko ungali mkononi. Njiani aliona yote akilini: Doudou ametoka getini, Doudou barabarani, Doudou kwenye basi la ng'ambo ya bandari akipunga mkono. Mwalimu Shih alikuwa akimngoja kwenye ngazi, na pembeni yake mwalimu mkuu Yan, amekunja uso.

"Yuko wapi?" Yi-chun akasema, pumzi hana. "Katoroka?"

"Nani, Doudou? Yuko darasani, anachora."

"Kaumia? Kamuumiza mtu?"

"Hapana, mama. Doudou hana neno." Mwalimu Shih akatazama viatu vyake. "Ni bibi."

Yi-chun akaushusha mwiko.

"Nikiuliza swali, anajibu yeye," mwalimu akaendelea, na mara maneno yaliyomjaa wiki mbili yakamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. "Nikimwambia asijibu, anawanong'oneza watoto, tena kwa kukosea. Darasa zima sasa linaamini popo ni ndege. Amekosoa mwandiko wangu ubaoni. Wakati wa hesabu alikuwa amepanga watoto watatu wanamkanda mabega, na wengine wamejipanga wanasubiri zamu. Leo amelala, akakoroma, na darasa la chini limetuma mtu kuuliza kama kuna ujenzi."

"Kanuni zetu..." mwalimu mkuu akaanza.

"Zinasemaje juu ya bibi?" akauliza Yi-chun.

Mwalimu mkuu akarekebisha tai.

"Lakini Doudou," Yi-chun akasema, akihisi baridi ikimwingia. "Bibi akiondoka, saa zile ambazo msaidizi hayupo... Mimi siwezi, duka... Mnataka kusema na yeye..."

"Hapana, hapana!" Mwalimu Shih akamshika mkono, ule wenye mwiko. "Chooni anakwenda na jirani yake wa dawati. Wamepatana wenyewe, sikuwaambia mimi. Akitaka kutoka nje, darasa zima linapiga kelele, 'Mwalimu, Doudou!' Haendi mbali. Doudou mwacheni hapa, mama. Mchukueni bibi."

Yi-chun akamtazama mwalimu mkuu Yan. Yule bwana akaukunjua uso kidogo. "Tuseme," akasema, "sharti lile limeondolewa. Kwa faida ya mtoto mwenyewe."

Bibi alikuwa ameketishwa kwenye benchi nje ya ofisi, mahali wanapokaa watoto watukutu, mkoba juu ya mapaja, midomo imebana. Upande wa pili wa benchi alikaa mvulana aliyepigana, na alikuwa akimtazama kwa heshima.

"Yule binti anauliza swali halafu anakaa kimya," Bibi akasema alipomwona mkwewe. "Nilidhani kasahau jibu. Nikamsaidia. Kusaidia watu siku hizi kosa?"

"Twende nyumbani, mama."

Walishuka kilima chini ya mwavuli mmoja. Kwenye kona ya kwanza Yi-chun alisimama na kuushika ukingo wa chuma wa barabara. Kliniki, chekechea, mikahawa, sherehe za watoto wa jirani: kila mahali kwa miaka sita kulikuwa na mtu mwenye sura ya upole aliyemwomba amchukue mtoto wake aondoke naye. Leo wamemwomba amwache. Alianza kucheka, akacheka mpaka mwavuli ukageuka nje ndani na mvua ikawalowesha wote wawili.

"Cheka," Bibi akasema, nywele zake za saluni zikilala moja moja. "Nimefukuzwa shule kwenye umri huu, wewe cheka."

"Samahani, mama." Yi-chun akajifuta uso kwa aproni. "Doudou je? Alilia ulipotolewa?"

Bibi alijitahidi kubaki na hasira, lakini pembe ya mdomo ilikuwa imekwishamponyoka.

"Hata hakuinua kichwa," akasema. "Alisema, 'Bibi, funga mlango.'"